Stika ya Fuvu Chumbani kwa Mama Sitati

Kama boksi la fuse lingebaki sebuleni pale lilipowekwa, Khisa angekula githeri yake ya Jumatatu, mahindi na maharagwe, kwa amani. Lakini watu hawaachi vitu vilipowekwa, na mama mkwe wake ndiye bingwa wa tabia hiyo. Simu ililia akiwa amekaa juu ya ndoo ya rangi, ndani ya nyumba mpya aliyokuwa akiitia nyaya huko Lanet, kijiko kikiwa njiani kuelekea mdomoni.

"Baba Lusike, umekula?" mke wake aliuliza.

Khisa alirudisha kijiko kwenye mkebe. Nasambu hakuwa mtu wa kumpigia mume wake simu mchana kuuliza habari ya chakula. Akianza hivyo, ujue kuna jambo.

"Sema tu."

"Kuna mwanamke amekuja kwa mama huko Dundori. Ni injinia wa ukaguzi. Ana buti na kofia ya plastiki. Anasema boksi la stima halina lebo hata moja."

"Lebo za nini?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye fundi? Zile za sheria mpya. Kuna ya hatari yenye fuvu, kuna za kuonyesha kila swichi ni ya nini, na kuna ya jina lako na namba ya leseni. Anarudi Alhamisi. Asipozikuta anakata stima, na wewe anakuandikia barua uende ukajieleze."

Khisa alizijua lebo hizo vizuri. Alikuwa na roli nzima kwenye mkoba, na kila nyumba mpya aliyoimaliza mwaka huo aliibandikia kama inavyotakiwa. Ila nyumba za zamani hakurudi, na ya mama mkwe ilikuwa ya zamani.

"Hiyo ni kazi ndogo," alisema. "Nafika, nabandika, naondoka."

Wote wawili walikuwa wamefikiria kitu kimoja.

"Boksi bado liko pale pale?" Khisa aliuliza.

"Litaenda wapi? Liko juu ya kitanda cha mama."

Sasa, kwa yule ambaye hakulelewa na Wabukusu, niseme wazi. Mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana kwenye kijia chembamba mmoja wao huingia shambani mwa watu mpaka mwenzake apite. Hayo ni ya nje. Chumba cha kulala cha mama mkwe ndicho usikitaje kabisa. Mkwe akikanyaga humo, ni aibu ambayo kondoo mzima wa kutakasa hawezi kuiosha.

Na Mama Sitati alikuwa mkali wa mila kuliko hata waliobaki Bungoma. Marehemu mume wake alimleta Dundori zamani, wakanunua shamba katikati ya majirani Wakikuyu, na kadiri alivyokaa mbali na kwao ndivyo alivyozidi kushika yale aliyokuja nayo. Khisa alipoitia nyumba ile stima, boksi lilikaa ukutani sebuleni, mahali pa heshima, kando ya picha ya harusi. Kisha mzee akafariki, na mjane akaona sebule ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Akamwita jirani yake Waithaka, seremala, akaigawa kwa plaiwudi. Nusu isiyopigwa na upepo akaifanya chumba chake, akaweka kitanda, na boksi la fuse likajikuta limeolewa humo ndani. Akalifunika kwa kitambaa cheupe cha krosheti, maana hakuna kitu nyumbani kwa Mama Sitati kilichokaa bila kitambaa.

"Na mayai?" Khisa aliuliza.

"Yamo kwenye mashine. Yanaanguliwa Jumamosi. Kina mama wa kanisa wameshaagiza vifaranga vyote. Stima ikikatwa Alhamisi, unajua vile atasema."

Khisa alijua. Akaiacha githeri ipoe. Tangu plaiwudi iwekwe, swichi ya nyumba ile ilikuwa na ugonjwa wa kuruka na kujizima usiku. Mama Sitati angelala stima ikiwaka, akaamka mashine ya kuangulia mayai imezimika, mayai yamekuwa baridi. Mara mbili alimwaga trei nzima kwenye shimo la taka. Na kila mara alitangaza kwa wanawe na kwa kanisa kwamba waya za huyo mtu wenu ni za kuungaunga. Hakuwahi kumwita Khisa fundi. Alimwita "mtu wenu wa waya." Shemeji yake Sitati, anayefanya kazi Gilgil, yeye alimpa jina kabisa, akamwita Giza. Kwenye kila sherehe ya ukoo, Khisa akiingia, Sitati husimama na kusema, "Shikeni mishumaa, Giza amefika." Watu hucheka, naye hucheka nao, kisha hula nyama bila kuisikia ladha.

Kwani angefanya nini? Kujua kwa nini swichi inaruka kulihitaji aingie chumbani. Aliomba mara moja, kupitia kwa Nasambu, boksi lihamishwe. Jibu lilirudi kwamba aliyeshindwa kuliweka vizuri mara ya kwanza hataongezewa nafasi ya pili.

*

Jioni Khisa alimpigia simu yule injinia. Jina lake ni Natalie, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye bado ana faili nyingi mezani.

"Madam, ni kuhusu ile nyumba ya Dundori. Boksi liko kwenye chumba cha mama mkwe wangu."

"Sawa."

"Siwezi kuingia."

"Mlango una shida?"

"Mlango uko sawa. Shida ni mimi."

Natalie alizaliwa na kulelewa Nairobi, kwenye nyumba ya ghorofa, ambako ukikataa kuonana na mama mkwe utalala kwenye ngazi. Khisa alimweleza mila, na Natalie akasikiliza kwa adabu.

"Basi tuma fundi mwingine."

"Nina rafiki, Kibii. Ana leseni kama yangu. Anaweza kubandika kesho."

"Anaweza. Lakini cheti cha nyumba kina jina lako. Kibii akiweka jina lake, itabidi apime nyumba yote upya na aombe cheti kipya, na hapa ofisini hicho hakitoki mwezi huu. Mpaka kitoke, nyumba inakaa bila stima. Lebo iwekwe na fundi wa cheti, Bwana Khisa. Wewe."

"Na kama mtu wa nyumbani akizibandika, mimi nikiwa hapo hapo namwelekeza?"

Natalie alipumua. "Mimi nitakagua tu kama kilichoandikwa ni kweli. Lakini Bwana Khisa, ni stika tu. Unaondoa karatasi ya nyuma, unabandika."

Khisa aliweka simu chini akiwa amepata nusu ya ruhusa, na mtu aliyebanwa nusu humtosha.

*

Jumatano walipanda Dundori, yeye na Nasambu, kukiwa na manyunyu. Mpango ulikuwa hivi. Mama Sitati angesimama juu ya kitanda chake, mbele ya boksi. Nasambu angekaa mlangoni mwa chumba. Khisa angesimama nje, chini ya dirisha, pazia likiwa limefungwa na mgongo wake ukiwa umeelekezwa kwenye ukuta, asije akaona hata mguu wa kitanda. Alisimama kati ya viazi vya mama mkwe, buti zikizama taratibu, maji ya paa yakimdondokea kwenye ukosi. Ndivyo fundi mwenye leseni alivyofanya kazi siku hiyo.

"Mwambie mama afungue kifuniko cha boksi," alisema.

"Mama, anasema ufungue kifuniko."

"Nimemsikia. Mimi si kiziwi. Mwambie nimefungua."

"Amefungua."

"Nimesikia," Khisa alisema. "Sasa achukue ile lebo kubwa ya njano, aibandike juu ya kifuniko."

Karatasi ilichakarika, kisha ikaacha kuchakarika.

"Nasambu," Mama Sitati alisema, "muulize mtu wenu wa waya hiki ni nini."

"Ni fuvu, mama. Ni alama ya hatari."

"Naona ni fuvu. Nauliza linatafuta nini kwangu. Mimi ni mjane. Nalala hapa peke yangu, kichwa changu kiko hapa chini. Nibandike mfu juu ya mto wangu, kila nikifumbua macho ananikenulia meno?"

"Mwambie ni sheria," Khisa alisema kwa viazi.

"Anasema ni sheria, mama."

"Basi hiyo sheria ije ilale nayo."

Walibishana hapo mpaka manyunyu yakawa mvua. Waithaka, yule seremala, alikuwa akipita na mbao begani. Akasimama kwenye ua kumtazama Khisa akiongea na mimea.

"Fundi, uko sawa?"

"Niko kazini."

"Ya viazi?"

Ndani, Mama Sitati alikubali fuvu kwa sharti moja, kwamba likishabandikwa atalifunika kwa kitambaa. Khisa akasema kitambaa hakiruhusiwi, lebo lazima ionekane. Mama Sitati akasema hata hivyo bado hajafa, na nyumba yake haitakaa uchi. Nasambu, aliyekuwa akibeba maneno haya huku na huko ilhali kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri, alianza kuumwa kichwa. Hatimaye ikakubaliwa kitambaa kiondolewe kwa ajili ya injinia tu, kisha kila mtu na dhamiri yake.

"Sasa zile ndogo," Khisa alisema. Alitaka kutoka kwenye mvua. "Ni sita, nimeziandika tayari. Aanzie upande wa jikoni, azipange kama nilivyozifuatanisha. Ya kwanza ni jikoni, halafu sebuleni, halafu chumbani, halafu choo, halafu taa ya nje, ya mwisho mashine ya mayai. Ni rahisi tu."

Ilikuwa rahisi kweli. Tatizo ni kwamba nyumba iliyokuwa kichwani mwa Khisa ilikuwa ile ya zamani. Moshi ulipomsumbua Mama Sitati, jiko lilihamishiwa upande wa pili, na Khisa, ambaye kwa heshima zake hupokelewa uani na kuondokea uani, hakuwa na habari. Mama Sitati akaanzia upande wa jikoni pa sasa, kama alivyoambiwa, akabandika zote sita kwa mkono uliotulia, zimenyooka na kupendeza. Zote zilikuwa mahali pasipo pake.

"Mwambie nimemaliza," alisema. "Na ningekuwa nimemaliza kitambo kama kazi hii angepewa mtu anayejua."

*

Alhamisi jua lilitoka. Natalie alifika na buti zake na kofia yake, akakuta kikao. Wangui, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, alikuwa amekuja kuulizia vifaranga. Waithaka alikuwa amekuja bila sababu. Khisa alikuwa amesimama kwenye pembe ya mbali ya ua, na Mama Sitati ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, amempa ubavu, leso imefungwa vizuri, uso wa mtu ambaye hana wasiwasi.

Natalie aliingia chumbani. Walimsikia akisema, "Lebo ziko. Vizuri sana." Khisa alivuta pumzi ya kwanza ya maana tangu Jumatatu.

"Nazima taa ya nje," Natalie alisema kutoka ndani.

Redio iliyokuwa ikiimba sebuleni ikanyamaza.

"Nazima jikoni."

Nasambu alitoka mbio kwenye kibanda cha kuku. "Mashine imezima."

"Washa, washa," Mama Sitati alisema, akainuka nusu.

Natalie akawasha, kisha akatoka nje akifuta vumbi mikononi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha Khisa zaidi.

"Bwana Khisa, nikija hapa nyumba ikiungua, nitafute swichi ya jikoni, nitazima vifaranga na jiko litaendelea kuwaka. Boksi hili halina lebo. Lina uongo uliobandikwa vizuri." Alitoa koleo kwenye mfuko wa koti. "Nakata. Ukirekebisha, utanipigia."

"Madam, mayai ni ya Jumamosi," Wangui alisema.

"Mama, mimi sina ugomvi na mayai. Fundi yuko hapa. Kuna stika mpya hapa. Mlango uko wazi. Aingie azibandike, apime mbele yangu, niende zangu. Nina nyumba nyingine tatu."

Watu wote walimtazama Khisa. Khisa alitazama mlango. Mbele yake aliona trei ya mayai ikienda kwenye shimo la taka kwa mara ya tatu, akaona barua ya leseni, akamwona Sitati amesimama na mshumaa. Na bado miguu yake haikusogea. Mwanamume aliyelelewa vizuri ana miguu yenye akili yake.

"Nasambu," Mama Sitati alisema.

"Mama."

"Chumba cha kulala ni nini?"

Nasambu alifikiri ni mtego. "Ni mahali pa kulala."

"Watu hulala juu ya nini?"

"Kitanda."

"Basi kitoeni. Kikitoka, hicho ni chumba tu chenye ukuta na boksi. Mtu yeyote anaweza kuingia. Wangui, kuna mtu wa kusema vingine?"

Wangui, ambaye ni Mkikuyu na hayakumhusu, alisema hakuna. Nasambu alimtazama mama yake kwa mapenzi kama ya siku ya sikukuu. Khisa naye alitaka kupiga magoti palepale shambani, lakini hata hilo halifanywi mbele ya mama mkwe.

"Ngojeni tu kwanza nitoe vitu vyangu vya chini," Mama Sitati aliongeza, akianza kuinuka.

Alichelewa. Waithaka alikuwa ameshaingia. Tangu apigilie ile plaiwudi alikuwa akitamani kuona jinsi ilivyozeeka, na hakuwa wa kungoja kualikwa mara mbili. Alimwita Nasambu ashike upande wa miguu, wakainua, wakapindisha kitanda mlangoni, wakakitoa mpaka kwenye jua na godoro lake na shuka lake lililokuwa likifika chini kila upande.

Na nyuma ya kitanda, kikiburutwa kwa waya uliojisokota kwenye mguu wake, kikigongagonga sakafu kama ndama anayemfuata mama yake, kikatoka kidude cha stima. Lilikuwa jiko la koili, lile la wanafunzi, la waya mwekundu ulioviringwa kwenye udongo. Liliruka kizingiti, likageuka kichwa chini, likatulia katikati ya ua.

Kuku mmoja alisogea akalidonoa, akaondoka.

Khisa alilitazama, na kila kitu kikamjia kwa mpigo. Laini ya mashine ya mayai ni ndogo, ameivuta kwa mikono yake, na plagi ya kona ile, iliyokuwa ya sebule kabla nyumba haijagawanywa, imeunganishwa humo humo. Jiko la koili likiwashwa usiku pamoja na mashine, swichi lazima iruke. Inaruka kwa sababu imewekwa vizuri. Ingekuwa ni ya kuungaunga, nyumba ingekuwa majivu. Muda wote huo alikuwa amechekwa kwa kufanya kazi yake sawasawa.

"Hili ni la nani?" Natalie aliuliza.

Neno moja tu lingemtosha. Asingehitaji hata kulisema, kukaa kimya kungetosha, na kufikia jioni Dundori yote ingejua. Khisa aligeuza macho kidogo, kwa namna isiyo ya kutazama, akaona mikono ya mama mkwe wake. Ilikuwa imeshika ncha ya leso, ikiikunja na kuikunjua. Ilikuwa mikono ya mzee. Khisa alimwonea huruma, hasira yake ikaisha kabla hajaifaidi.

"Ni langu," alisema.

"Lako?"

"Nilikuwa nalitumia kupima laini. Nikalisahau."

"Ulilisahau wapi?"

"Hapo."

Natalie alitazama jiko, akatazama kitanda, akamtazama Khisa. "Umelisahau chini ya kitanda cha mama mkwe wako. Chumba ambacho Jumatatu uliniambia huwezi kuingia."

Hapo ndipo Khisa aliposikia alichosema. Wangui alijiziba mdomo. Nasambu alifumba macho. Waithaka, aliyekuwa bado ameshika ubao wa kichwani, aliweka kitanda chini polepole ili asikie vizuri. Kukosea waya ni jambo dogo. Mkwe kukiri mbele ya mashahidi kwamba alikuwa chini ya kitanda cha mama mkwe wake, hilo lingefika Bungoma kabla ya gari la jioni.

"Namaanisha," Khisa alianza, kisha akagundua hakuna kitu anachomaanisha.

Mama Sitati alisimama. Alijifunga leso upya, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwenda mbele ya kanisa.

"Wangui, toa mkono mdomoni," alisema. "Huyu hajawahi kuingia. Hata kivuli chake. Hilo jiko ni langu."

"Mama," Nasambu alisema.

"Niache nimalize. Nililinunua mjini, nikaja nalo chini ya kabichi. Baridi ya hapa inaniingia miguuni na baba yenu hayupo tena wa kunipasha. Sitati alinikataza, huyu naye alishakataza tangu anaweka stima, na mimi mwenyewe nimesimama kanisani nikawaambia wanawake majiko haya yanachoma nyumba. Wangui ulikuwepo. Nikitoka kusema hivyo nakuja nawasha." Alilielekezea jiko kidole. "Stima haikuwa ikiruka kwa waya zake. Ilikuwa ikiruka kwa miguu yangu. Mayai nimeyaua mimi, nikamtwika yeye, nikawaacha watoto wangu wakimcheka. Na leo alikuwa tayari kubeba na hili. Nimeona haya."

Aliketi, si kwenye kigoda tena, bali ukingoni mwa kitanda chake, katikati ya ua, kwenye jua. Wangui alienda akaketi karibu naye. Alimwambia kwa sauti ya chini, ingawa wote walisikia, kwamba yeye analo la aina hiyo hiyo, liko kabatini nyuma ya Biblia kubwa.

"Basi mlisikie wote," Natalie alisema, akirudisha koleo mfukoni. "Jiko hilo halirudi kwenye laini hiyo. Bwana Khisa, kuna chumba hapo kisicho na kitanda."

Khisa alivua buti mlangoni, kitu ambacho hakuna sheria iliyokitaka, akaingia. Alitoa lebo zilizodanganya, akabandika nyingine, akazima na kuwasha kila swichi huku Nasambu akimjibu kutoka kila pembe ya nyumba. Choo kilikuwa choo. Jikoni palikuwa jikoni. Plagi ya kona ile aliitoa kwenye laini ya mashine ya mayai, mashine ikabaki na swichi yake peke yake. Kisha, kwa kuwa mkoba ulikuwa na waya mnene wa kutosha na boksi lilikuwa na nafasi moja tupu, akavuta laini nyingine mpya, ya kubeba hita ya kisasa yenye kujizima yenyewe, ile ya kuletewa mama siku za usoni. Aliandika jina lake na namba yake chini ya fuvu, kwa herufi kubwa.

"Na hii ya saba?" Natalie aliuliza, akiwa na kalamu. "Lazima ionyeshe ni ya nini."

Khisa alisogea dirishani, akageukia ukuta kama ada. "Nasambu, muulize mama hii mpya niiandikeje."

Nasambu alifungua mdomo kubeba swali, lakini halikubebwa. Mama Sitati, akiwa amekaa kitandani kwake uani na mgongo wake ukiwa umelielekea dirisha, alijibu mwenyewe.

"Fundi," alisema, "andika miguu ya mama."

Natalie alisoma ile lebo, akapekua kanuni zake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuona mahali panapokataza. Akatia sahihi.

*

Jumamosi mayai yalianguliwa, karibu yote, na uani pakawa na kelele ya kina mama na maboksi yao. Kitanda kilikuwa kimerudi ndani. Kitambaa cha krosheti kilikuwa kimetundikwa kando ya boksi, kikiacha wazi lebo zote isipokuwa fuvu. Mezani chini ya mti wa parachichi, mbali na mlango wa nyumba kama ipasavyo, Khisa alikuwa amewekewa ugali na kuku mzima, hata firigisi ilikuwemo.

Simu ya Nasambu ililia. Alikuwa Sitati, kutoka Gilgil, na sauti yake ilisikika uani kote.

"Niaje, dada? Hebu nipe Giza nimsalimie. Stima iko ama mko na mishumaa?"

Mama Sitati alinyoosha mkono akaichukua simu.

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo," alisema. "Kuna fundi. Na usimsumbue, anakula."